Alama inasema 3+, pesa kwenye simu imekwisha: je, mwanangu anacheza kamari?

*Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Dodoma. Mwanangu ana miaka 13, yuko kidato cha kwanza. Likizo hii alikuwa anatumia simu yangu kucheza gemu ya mpira. Kabla ya kumruhusu niliikagua, nikaona imeandikwa 3+, nikajua ni ya watoto. Juzi naenda kutoa pesa kwa wakala nakuta salio halitoshi. Kupekua ujumbe, kumbe ndani ya wiki mbili zimetoka shilingi 87,500, elfu mbili na mia tano mara elfu tano, zote kununua "paki" za wachezaji. Namba ya siri aliiona nikinunua LUKU, akawa anahamishia pesa kwenye kadi ya mtandaoni niliyoifungua kulipia vitabu. Siku hizohizo binamu yake aliye chuo alikuja na laptopu yenye gemu ya karata za poka iitwayo Balatro. Nilisoma mahali kwamba huko Ulaya ilipewa alama ya 18, nikamwamuru aifute mbele yangu. Kaka yangu, ambaye mwenyewe hakosi mkeka wa wikiendi, anasema nakuza mambo, paki ni kama zile bigijii za picha tulizokuwa tunanunua utotoni. Je, mwanangu ameshakuwa mcheza kamari? Kwa nini iliyokula pesa yangu iwe 3 na isiyokula pesa iwe 18? Nimpige marufuku kabisa? Pesa yangu inarudi? Simu nimeifungia kabatini mpaka nipate jibu.*

Mwalimu, pole sana, kwa pesa na kwa kuligundua jambo lenyewe ukiwa mbele ya wakala.

Nianze na linalokunyima usingizi. Mtoto wa miaka 13 aliyefungua paki, yaani vifurushi vya wachezaji ambavyo hujui ndani yake kuna nani mpaka ulipe, kwa wiki mbili hajawa mcheza kamari, na nakuomba jina hilo lisitamkwe mbele yake wala kwenye vikao vya ukoo. Mtoto akishapachikwa jina hulizoea. Hata hivyo, alichokuwa anakifanya kimeundwa kwa ufundi uleule wa kamari, kwa hiyo hofu yako ina msingi. Na kuiamini ile alama hukukosea peke yako. Umeisoma kama wanavyoisoma wazazi wengi ninaokutana nao.

Shida ni kwamba alama ile inajibu swali ambalo hukuliuliza. Alama za umri unazoziona Google Play hutoka kwenye mfumo uitwao IARC, ulioanzishwa mwaka 2013. Mtengenezaji wa gemu hujaza dodoso: kuna damu? Kuna utupu? Kuna matusi, dawa za kulevya, kamari? Majibu yake ndiyo yanayozalisha alama, kila eneo kwa vigezo vyake: Ulaya ile ya PEGI, Marekani ile ya ESRB, na nchi ambazo hazina chombo chao ndani ya mfumo huo hupata alama ya jumla, kuanzia 3+ hadi 18+. Gemu ya mpira haina damu wala tusi, inatoka na 3+. Maana yake ni kwamba hakuna kitu cha kumtisha mtoto mdogo. Haisemi chochote kuhusu pochi ya mama yake. Habari ya pochi imeandikwa chini, kwa herufi ndogo: kuna ununuzi ndani ya programu. Tangu Aprili 2020 PEGI na ESRB wameongeza maelezo ya kuonya kwamba baadhi ya vinavyouzwa ndani ya gemu hupatikana kwa kubahatisha. Ni hatua nzuri, ila maelezo hayo yamekaa pembeni ya namba, na macho ya mzazi hukimbilia namba.

Sasa hiyo Balatro. Ilitoka tarehe 20 Februari 2024. Mchezaji anapanga mikono ya poka, jozi, tatu za namna moja, mfululizo, ili akusanye pointi. Haweki dau, hana mtu wa kumla wala wa kumlia pesa. Ndani yake kuna duka, lakini linatumia pesa za kuchezea zinazopatikana kwa kucheza. Ukishainunua mara moja, umemaliza. PEGI walikuja kuipa 18 kwa sababu inaonyesha mikono ya poka, na kwa vigezo vyao gemu inayofundisha au kutukuza kamari huangukia huko. Mtengenezaji wake, anayejulikana kwa jina la LocalThunk, alilalamika hadharani Desemba 2024 kwamba gemu yake isiyouza kitu imepewa 18 huku EA Sports FC, gemu ya mpira ya kampuni ya EA inayouza paki za kubahatisha, ikiwa na alama ya 3. Kampuni inayoisambaza ilikata rufaa, na Februari 2025 ikashushwa hadi 12. Kwa hiyo ulichokisoma kilikuwa kweli wakati kinaandikwa.

Wajerumani, ambao wana chombo chao kiitwacho USK, walianza mwaka 2023 kutazama pia jinsi gemu inavyomshawishi mchezaji kutoa pesa. EA Sports FC 24 ilipofika kwao ikapewa 12, wakati PEGI waliipa gemu hiyohiyo 3. Hapo unaona kwamba namba inategemea nani kauliza nini. Mmoja katazama picha za karata, mwingine kafuata pesa inakoelekea.

Kama nyumbani kwako karata hazitakiwi kwa sababu za imani, huo ni uamuzi wako na kijana wa watu auheshimu akiwa chini ya paa lako. Lakini kama uliifuta gemu yake kwa kuogopa kwamba ndiyo kamari na ile ya mpira ndiyo salama, ningekushauri umwite mwambie ulielewa tofauti. Hata ushauri utakaompa mdogo wake utasikika vizuri zaidi baada ya hapo.

Turudi kwenye paki, maana ndipo penye kazi. Katikati ya karne iliyopita mwanasaikolojia wa Marekani, B. F. Skinner, alifundisha njiwa kudonoa kitufe ili wapate nafaka. Nafaka ikitoka kila wanapodonoa, njiwa hudonoa wakiwa na njaa, wakishiba wanaacha. Ikitoka bila mpangilio, mara baada ya madonoo matatu, mara baada ya arobaini, njiwa hudonoa kwa kasi na kuendelea muda mrefu hata nafaka ikikatwa kabisa. Mashine ya sloti imejengwa juu ya jambo hili, na paki pia. Ndani ya ubongo wetu kemikali iitwayo dopamini huchangamka sana wakati wa kusubiri, hasa pale matokeo yasipojulikana. Ndiyo maana mwanao, hata alipopata mchezaji mzuri, alitaka tena. Kilichomshika ni ile sekunde ya kabla.

Na sekunde hiyo imetengenezwa kwa makini. Siku moja kaa naye, mwombe akuonyeshe video ya mtu anayefungua paki, utaona. Taa zinawaka, kelele za uwanja zinapanda. Inatokea kwanza bendera ya nchi, halafu nafasi anayocheza, halafu klabu, mwisho kabisa uso. Mtoto anaona bendera ya Argentina, moyo unaruka, kumbe ni beki wa akiba. Tafiti za mashine za sloti zimeonyesha kwamba kukosa padogo humsukuma mtu kuendelea kuliko kukosa kabisa. Mtu mzima anayejua haya bado hunaswa. Mtoto wa miaka 13, ambaye sehemu ya ubongo inayozuia tamaa itaendelea kukomaa hadi avuke miaka 20, anaingia uwanjani bila kipa.

Kuna na jambo la sarafu. Shilingi haifungui paki moja kwa moja. Inabadilishwa kwanza kuwa sarafu au vito vya gemu, na mafungu yanayouzwa mara nyingi hayalingani na bei ya paki. Tuseme fungu lina sarafu 130, paki ni 100, zinabaki 30 zisizonunua kitu. Ili zisipotee, unaongeza fungu lingine. Huku hesabu ya shilingi imeshapotea kichwani. Nikiwauliza vijana wametumia kiasi gani, wengi hunitajia idadi ya sarafu, na kwa kweli hawanidanganyi.

Wewe ni mwalimu, kwa hiyo nitakuomba ufanye hesabu naye. Gemu nyingi huonyesha asilimia ya kupata kila daraja la mchezaji. China ililazimisha jambo hilo tangu mwaka 2017, na Apple wakaliweka kwenye masharti ya duka lao mwishoni mwa mwaka huohuo. Itafuteni kwenye ukurasa wa paki. Tuchukue mfano wa asilimia 1, bei shilingi 2,500. Mtoto hujiambia: nafasi moja katika mia, basi nikinunua mia nitampata. Siyo hivyo. Wachukue watoto 100, kila mmoja afungue paki 100, yaani shilingi 250,000 kila mmoja. Takriban 37 wataondoka bila huyo mchezaji. Kwa paki 35, ambazo ndizo 87,500 zako, takriban 70 kati ya mia watatoka mikono mitupu.

Maneno haya hayamwingii mtoto, maharage yatamwingia. Hesabu maharage meupe 99, tia na jekundu moja, weka kwenye sufuria. Achote moja bila kuangalia, arudishe, mtikise, achote tena, mara 35. Muda wote andika pembeni 2,500 ukijumlisha. Nimelifanya na familia kadhaa. Mara nyingi mtoto mwenyewe huanza kucheka kufikia mara ya ishirini, halafu hunyamaza. Na likitokea jekundu mapema, usiharakishe kusahihisha. Mwache ajaribu la pili. Jambo la kumwonyesha ni kwamba sufuria haina kumbukumbu. Kukosa mara 34 hakuongezi nafasi ya mara ya 35.

Zipo gemu zinazoweka kumbukumbu hiyo kwa makusudi. Genshin Impact, kwa mfano, ina nafasi ya asilimia 0.6 kwa mhusika wa nyota tano, lakini ukifika mvuto wa 90, yaani jaribio la 90 la bahati yako, ni lazima upate mmoja. Inaonekana kama huruma. Kwa mtoto aliyefika wa 70 ni kamba, kwa sababu kuacha hapo ni kuzitupa zote sabini. Januari 2025 tume ya Marekani ya kulinda walaji, FTC, ilitangaza makubaliano ambapo wamiliki wa gemu hiyo watalipa dola milioni 20 na hawataruhusiwa kuwauzia makasha ya bahati (jina la jumla la vitu vya kubahatisha kama paki) walio chini ya miaka 16 bila idhini ya mzazi.

Kaka yako na bigijii zake ana hoja, nami sitaki kuipuuza. Tulinunua kwa ajili ya picha, hatukujua ipi itatoka, hatukuharibika. Lakini picha ile uliishika mkononi, ukabadilishana na jirani, na duka lilikuwa la mtu aliyekujua mama yako na aliyefunga saa mbili usiku. Uliishiwa pale shilingi yako ilipoisha mfukoni. Paki ziko kitandani saa nane za usiku, zinakutumia arifa kwamba ofa inaisha baada ya dakika kumi, na mfuko zinaochota ni wa mtu aliyelala. Wengine huniambia ni kama karata tatu za stendi. Nayo siyo sawasawa: yule wa karata tatu anaiba kwa vidole, wakati paki hazihitaji kumwibia mtu, hesabu yake inatosha.

Kisheria, je, ni kamari? Nchi hazijakubaliana. Kwa kawaida kamari huhitaji vitu vitatu: dau, bahati, na tuzo yenye thamani. Mvutano uko kwenye hicho cha tatu, kwa kuwa mchezaji uliyempata kwenye paki kwa kanuni za gemu hauzwi kwa pesa. Aprili 2018 tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji ilisema makasha ya namna hii katika gemu kadhaa, FIFA 18 ikiwemo (gemu ya mpira ya EA kabla haijaitwa EA Sports FC), yanavunja sheria yao, na mwanzoni mwa 2019 EA wakaacha kuuza pointi za FIFA huko. Uholanzi ilitoza EA faini ya euro milioni 10, mahakama ya juu ya utawala ikaifuta Machi 2022. Mwaka huohuo Uingereza ikaamua kutoyaingiza kwenye sheria yake ya kamari. Australia, tangu tarehe 22 Septemba 2024, gemu mpya zinazouza vitu vya kubahatisha hupewa angalau alama ya M, isiyopendekezwa kwa walio chini ya miaka 15, na zinazoiga kasino hupewa 18. Kwetu Tanzania, Bodi ya Michezo ya Kubahatisha inasimamia kasino, sloti na kubeti, na umri wa chini unaoruhusiwa ni miaka 18. Mimi kama mshauri, anapoletwa mtoto, siangalii sheria imeita nini. Naangalia mwili na akili yake vimezoezwa nini.

Hapo lipo swali ambalo hukuliuliza lakini naliona nyuma ya barua yako: je, ataishia kwenye mikeka na ile ndege inayopaa, Aviator? Mwaka 2018 watafiti David Zendle na Paul Cairns walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba wanaotumia pesa nyingi kwenye makasha ya bahati ndio pia wenye dalili nyingi za tatizo la kamari, na tafiti zilizofuata zimeona uhusiano huohuo. Lakini uhusiano hautuambii nani kamtangulia nani. Inawezekana paki zinafungua njia, na inawezekana wenye mwelekeo wa kamari ndio wanaovutwa zaidi na paki. Mimi naamini yote mawili hutokea, kwa watu tofauti. Linaloongeza hatari kwa uhakika ni mtoto kukua akiona kubeti ni jambo la kawaida la wanaume wa nyumbani. Bila kumshambulia kaka yako, mwombe mikeka yake asiijadili mbele ya mwanao, na asimtume kamwe amchagulie timu. Vijana wengi niliowapokea walianza kwa kumsaidia mjomba.

Kuhusu kumpiga marufuku, unazo njia tatu. Unaweza kuifuta gemu kabisa. Ni njia safi, nami nakushauri uifuate mara moja kama kuna historia ya kamari kwa baba yake au babu, au kama ataendelea kuchukua pesa baada ya kuonywa. Gharama yake ni kwamba wenzake darasani wote wanaicheza, na mtoto aliyefungiwa nyumbani huenda kucheza kwa jirani, kwenye simu ambayo huioni. Njia ya pili ni kumwachia gemu na kufunga pochi yote: atacheza mpira, atapata paki za bure zinazotolewa na gemu, hatanunua hata moja. Ya tatu ni kumpa kiasi kidogo kwa mwezi ajipangie. Hii ya tatu siipendi kwa umri huu, kwa sababu unampa posho ya kuchezea sufuria ya maharage. Kwa mwanao, kwa ulivyonieleza, ningeanza na ya pili, nikijua kwamba hata paki za bure zinamzoeza ile sekunde ya kusubiri. Ukiona baada ya mwezi bado hawazi kingine, nenda ya kwanza.

Kufunga pochi kufanyike leo. Badilisha namba ya siri ya pesa za simu, isiwe mwaka wa kuzaliwa wa mtu yeyote nyumbani. Ondoa ile kadi ya mtandaoni kwenye akaunti ya Google. Ndani ya Google Play, kwenye mipangilio, washa uthibitisho kwa kila ununuzi, halafu mtengenezee akaunti yake chini ya Family Link, programu ya Google ya mzazi kusimamia akaunti ya mtoto, ili ombi lolote la kununua lije kwako kwanza.

Pesa inaweza kurudi, yote au sehemu, lakini usiihesabu bado. Google hupokea maombi ya kurudishiwa, na ya ndani ya saa 48 ndiyo yenye nafasi nzuri. Kwa ununuzi ambao mwenye akaunti hakuuidhinisha, wanaruhusu kutoa taarifa ndani ya siku 120. Ingia kwenye historia ya ununuzi, chukua namba ya kila oda, eleza ukweli kwamba ni mtoto na kwamba umeshafunga njia. Mwaka 2014 FTC iliwabana Apple na Google warudishe mamilioni ya dola kwa wazazi kwa ununuzi wa watoto wao, kwa hiyo jambo hili wanalijua. Wajibu watakachojibu, mwanao akae nawe mnapojaza. Aone kazi ya kuitafuta shilingi iliyotoka kwa sekunde moja.

Kwenye mazungumzo, tenganisha mambo mawili. Kuvutwa na paki si kosa lake. Kuchungulia namba ya siri na kuhamisha pesa ya mama bila kuomba ni kosa lake, na hilo alilipe kwa kazi za nyumbani au kukatwa kitu anachokipenda, kwa kiwango anachokimudu. Ukiyachanganya, atakachojifunza ni kuficha vizuri zaidi.

Mtafute mtaalamu ana kwa ana kama ataendelea kudanganya au kuchukua pesa za watu wengine, akikopa kwa wenzake, akikosa usingizi, akiwa na hasira au huzuni isiyo ya kawaida kila gemu inapozimwa, masomo yakishuka ghafla, au ukikuta ameingia kwenye kubeti kwa laini ya mtu mzima. Akitamka neno lolote la kutaka kufa au kujidhuru, usisubiri kesho. Shirika la Afya Duniani linayatambua matatizo ya kamari na ya gemu kama maradhi kwenye orodha yake ya ICD-11, na yanatibika kwa maongezi ya kitaalamu. Uko Dodoma, Hospitali ya Mirembe unayo jirani. Najua kuna watu wakisikia jina hilo wanashika vichwa. Wale ni wataalamu wa afya ya akili, na kumpeleka mtoto kuongea nao si aibu. Ipo pia namba ya simu kwa watoto, 116, haina malipo, anaweza kupiga mwenyewe.

Na simu iliyo kabatini: itoe ukishamaliza kubadilisha namba za siri na kufanya zoezi la maharage. Jumamosi hii inatosha. Usimrudishie kimyakimya, mkabidhi ukimwambia ni kwa saa ngapi na kwamba usiku italala chumbani kwako.